Barua ya wazi kwa Wizara ya Afya: mgonjwa wa maumivu sugu aulizwe kuhusu bangi, asifukuzwe

Kwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Mganga Mkuu wa Serikali. Kamishna Jenerali wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Mkurugenzi Mkuu wa Bohari ya Dawa. Na Waganga Wafawidhi wa hospitali za rufaa.

Waheshimiwa,

Sisi tunaoandika ni wauguzi, matabibu, wafamasia na madaktari wa usingizi tunaohudumia watu wenye maumivu sugu, yaani maumivu yaliyodumu zaidi ya miezi mitatu, pamoja na wagonjwa wa tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso kwa wenye magonjwa mazito yasiyopona. Tunaomba waraka mmoja wa kitaifa, mfupi, wenye maagizo mawili. La kwanza: kila mgonjwa wa maumivu sugu aulizwe kama anatumia bangi, na jibu lake liandikwe kwenye faili kama linavyoandikwa jina la dawa nyingine yoyote. La pili: mgonjwa asinyimwe dawa ya maumivu, asipunguziwe, wala asifutwe kliniki kwa sababu tu amekiri kutumia bangi au mkojo wake umeonyesha bangi.

Hatuombi bangi ihalalishwe. Tunajua sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 inasemaje, na tunajua Rwanda imefungua mlango wa kilimo cha bangi ya dawa kwa ajili ya kuuza nje. Huo ni mjadala mwingine na una watu wake. Sisi tunazungumzia kinachotokea ndani ya chumba cha daktari, mgonjwa anapoulizwa "unatumia dawa gani nyingine?" naye akajibu "hakuna" huku akiwa amevuta asubuhi hiyo.

Anayevuta ili apate nafuu mara nyingi ana maumivu ya mishipa ya fahamu: miguu inayowaka moto, ganzi, shoti zinazopanda usiku. Chanzo chake tunakijua. Kisukari kilichokaa miaka mingi bila kudhibitiwa. Virusi vya UKIMWI vyenyewe, na stavudini waliyomeza wagonjwa wa miaka ya mwanzo ya ARV. Isoniazidi ya kifua kikuu, hasa inapotolewa bila vitamini B6. Mkanda wa jeshi. Wapo pia wenye saratani, wenye selimundu, na wenye mgongo uliofanyiwa upasuaji ukabaki unauma. Wanachokifuata kwenye bangi mara nyingi ni usingizi, kisha hamu ya kula, na nafuu ya maumivu ikija nyuma yake.

Je, wanapata wanachokitafuta? Tuseme ukweli wote, maana nusu yake imeshapotosha watu wengi. Mwaka 2007 watafiti wa San Francisco walichapisha jaribio la wagonjwa 50 wenye maumivu ya mishipa yatokanayo na VVU. Waliovuta bangi halisi, asilimia 52 maumivu yao yalipungua kwa zaidi ya asilimia 30. Waliovuta bangi iliyoondolewa nguvu, ni asilimia 24. Hiyo ni tofauti ya kweli. Lakini jaribio lilikuwa la siku tano tu za kuvuta, na misokoto yake ilipimwa: kiasi cha THC, ile kemikali inayolevya, kilikuwa asilimia 3.56. Msokoto wa mtaani haupimwi na mtu, na skanka inayokamatwa nchini ina nguvu kuliko bangi ya kawaida. Matokeo ya San Francisco hayawezi kuhamishiwa kwenye kete iliyonunuliwa kituo cha basi.

Mwaka 2017 Akademia za Taifa za Sayansi za Marekani zilisema ushahidi kwamba bangi hupunguza maumivu sugu kwa watu wazima ni mzito. Miaka miwili baadaye NICE, chombo cha miongozo ya tiba cha Uingereza, kikakataza madaktari wasitoe THC kwa maumivu sugu, na mwaka 2021 Chama cha Kimataifa cha Utafiti wa Maumivu kikasema hakiungi mkono matumizi yake ya jumla. Ushahidi uliotazamwa ni ule ule kwa sehemu kubwa. Tofauti iko kwenye kipimo cha faida dhidi ya madhara ya muda mrefu. Kisha kuna utafiti wa Australia uliochapishwa 2018, uliofuata watu 1,514 waliokuwa wakitumia dawa jamii ya mofini kwa maumivu yasiyo ya saratani, kwa miaka minne. Waliotumia bangi hawakuwa na maumivu madogo kuliko wenzao, na haikuonekana kwamba bangi iliwasaidia kupunguza dozi za dawa zao. Kwa hiyo tunapowaambia wagonjwa wetu kwamba bangi si tiba ya kutegemea, tunasema kitu tunachoweza kukitetea. Tatizo ni kwamba hatuwezi kumwambia mtu aliyejificha.

Kujificha kuna gharama, na gharama hiyo huangukia kwenye mwili.

Tuanze na amitriptilini, kwa sababu ndiyo dawa ya kwanza ya maumivu ya mishipa katika zahanati na hospitali zetu. Huanzwa nusu ya kidonge cha miligramu 25 usiku, ikapandishwa taratibu kila wiki hadi 25, kisha 50, mara chache 75. Hukausha mdomo, huongeza mapigo ya moyo, huleta usingizi na kizunguzungu mtu anaposimama. Bangi hufanya hayo yote manne. Mzee anayevuta saa tatu usiku na kumeza kidonge saa hiyo hiyo anaweza kuanguka anapoamka kwenda chooni, na daktari asiyejua atasema dawa imemkataa, ataiondoa, naye atabaki na bangi peke yake. Anayejua angesogeza muda: kidonge kimezwe muda wa saa mbili kabla ya kulala, dozi ibaki ndogo kwa wiki mbili zaidi, mgonjwa aelezwe kwamba nafuu ya amitriptilini huchukua wiki mbili hadi sita kuonekana. Hapa ndipo wengi hupotea. Wamemeza siku nne, mdomo umekauka, mguu bado unawaka, wameacha.

Mofini, tramado na diazepamu zinalaza. Bangi inalaza juu yake. Bangi peke yake haizimi pumzi kama mofini, lakini usingizi mzito unaotokana na mchanganyiko humfanya muuguzi ashindwe kutofautisha mgonjwa aliyelala na mgonjwa aliyezidiwa dozi. Kwa anayetumia vyote, mofini ipandishwe kwa hatua ndogo, pumzi zihesabiwe kwa dakika nzima, na zikishuka chini ya 8 huku mgonjwa haamki, naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya mofini, iwe karibu. Kwa anayemeza wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kumeripotiwa wagonjwa ambao damu ilikuwa nyepesi kupita kiasi baada ya kuongeza bangi. INR, kipimo cha damu inavyoganda, irudiwe ndani ya wiki moja kila matumizi yanapobadilika, kwenda juu au chini.

Kwenye chumba cha upasuaji jambo hili halina mjadala tena. Mwaka 2023 Chama cha Marekani cha ganzi ya sehemu na tiba ya maumivu kilitoa mwongozo kwamba kila mgonjwa aulizwe kuhusu bangi kabla ya upasuaji, na kwamba upasuaji usio wa dharura usubiri angalau saa mbili baada ya kuvuta, kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo. Mvutaji wa kila siku huhitaji propofo, dawa ya usingizi ya sindano, nyingi zaidi ili alale. Ketamini, ambayo hospitali zetu nyingi za wilaya zinaitegemea, nayo hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, kwa hiyo mgonjwa aliyevuta asubuhi anafika mezani moyo ukiwa tayari unakimbia. Siku za baada ya upasuaji, mvutaji sugu huumwa zaidi. Asiyeulizwa hupewa dozi ya mtu asiyevuta.

Kuna na hili la wodini. Mtu aliyekuwa akivuta mara nne kwa siku analazwa, anaacha ghafla. Siku ya kwanza au ya pili anaanza kukosa usingizi, hasira, jasho, chakula hakipiti. Kilele ni kati ya siku ya pili na ya sita. Timu inaandika "maumivu yameongezeka" na kupandisha dozi. Kinyume chake yupo mgonjwa anayetapika kwa mizunguko, wiki hadi wiki, anatibiwa vidonda vya tumbo, anatibiwa malaria, anapigwa picha, na metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika, haimsaidii. Swali moja linaweza kumaliza uchunguzi huo: unapata nafuu ukioga maji ya moto? Kutapika kwa aina hii, kunakotokana na bangi ya muda mrefu, kulielezwa Australia mwaka 2004, na dawa yake ni kuacha bangi kabisa.

Wanaokula bangi wapo hatarini kwa namna yao. Moshi hufanya kazi ndani ya dakika chache na nguvu yake hupungua baada ya saa mbili hadi nne. Biskuti au mafuta ya bangi huchukua nusu saa hadi saa mbili kuanza, kwa sababu lazima yapite kwenye ini, na ini huigeuza THC kuwa kitu chenye nguvu zaidi. Mgonjwa hula kipande, anasubiri dakika arobaini, haoni kitu, anaongeza. Vyote viwili humfikia pamoja, na hapo ndipo hofu kali, moyo kwenda mbio, na kuletwa idara ya dharura usiku.

Tuje kwenye kipimo cha mkojo. Kliniki za maumivu zinapoanzishwa nchini, ni rahisi kuiga utaratibu wa baadhi ya kliniki za Marekani: mgonjwa anasaini mkataba, anapimwa mkojo, ukisoma THC anaondolewa. Marekani wenyewe wamejirekebisha. Mwongozo wa mwaka 2016 wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, uliwaonya madaktari wasipime kitu ambacho hawajui watafanya nini na jibu lake, ukaitaja THC kama mfano, na ukasema mgonjwa asiachwe bila huduma kwa sababu ya jibu la mkojo. Tusichukue vazi walilolivua.

Kipimo chenyewe kinasema kidogo. Kile cha mstari, kinachosomwa kwa dakika tano, hutafuta mabaki ya THC yanayozidi nanogramu 50 kwa mililita. Aliyevuta mara moja harusini huonekana kwa siku tatu au nne. Mvutaji wa kila siku anaweza kusoma chanya mwezi mzima baada ya kuacha, kwa sababu THC hujificha kwenye mafuta ya mwili. Kipimo hakisemi amevuta kiasi gani, lini, wala kama amelewa sasa hivi. Tena hukosea. Efavirenzi, ARV iliyomezwa na watu wengi sana nchini kabla ya dolutegraviri, inajulikana kuleta chanya ya uongo ya bangi kwenye baadhi ya vipimo vya haraka. Pantoprazo nayo imeripotiwa hivyo, na pantoprazo ndiyo tunayowapa wanaomeza diklofenaki ili tumbo lisichubuke! Mgonjwa anaweza kufukuzwa kwa kosa la kidonge tulichompa sisi. Waraka useme wazi: hakuna uamuzi wa tiba unaotegemea kipimo cha haraka peke yake, jibu linalopingwa na mgonjwa lipelekwe kuthibitishwa kwa mashine ya kutenganisha kemikali, kama ilivyo kwenye Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na mgonjwa aendelee na dawa zake wakati jibu linasubiriwa.

Swali zuri linazidi kipimo. Tunapendekeza liulizwe hivi, mlango ukiwa umefungwa na ndugu wakiwa nje: "Watu wenye maumivu ya muda mrefu hujaribu vitu vingi, miti shamba, pombe, bangi, dawa za jirani. Wewe umejaribu vipi?" Likiulizwa "Je, unavuta bangi?" mbele ya mama mkwe, jibu linajulikana kabla halijatoka. Akikubali, yafuate maswali machache: anavuta, anakula, anakunywa kama chai au anatumia mafuta; mara ngapi kwa siku; mara ya mwisho lini; anachanganya na tumbaku; anatafuta nafuu ya nini; akikosa siku mbili anakuwaje. Kisha apimwe maumivu kwa namba tatu, sifuri hadi kumi: wastani wa wiki hii, yanavyomzuia kufurahia maisha, yanavyomzuia kufanya kazi. Namba hizo zirudiwe kila ziara. Zisiposhuka kwa karibu theluthi moja huku bangi ikiendelea, mgonjwa mwenyewe anaona kwenye karatasi kwamba haimsaidii, na mazungumzo ya kupunguza huwa rahisi kuliko mahubiri.

Wapo wa kuambiwa waache, bila kuzunguka: mjamzito na anayenyonyesha, mwenye historia ya ugonjwa wa akili, yeye au nduguye wa damu, kijana ambaye ubongo wake bado unakua, mwenye ugonjwa wa moyo, dereva wa bodaboda, basi au lori. Mwenye VVU au aliyewahi kuugua kifua kikuu aambiwe kwamba moshi na msokoto unaopitishwa mdomo kwa mdomo vinamweka kwenye hatari ya ugonjwa wa mapafu. Kuambiwa hivyo hakuhitaji kunyimwa dawa. Mjamzito mwenye maumivu makali bado ana maumivu makali.

Kuhusu usiri, tunajua hofu ya Mamlaka kwamba hospitali zitakuwa maficho. Serikali hii imekwishapita njia hii. Februari 2011 Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa mbadala ya kunywa, kwa watumiaji wa heroini, kisha Mwananyamala na Temeke zikafuata, na Mamlaka yenyewe leo inazihesabu kliniki hizo kama kazi yake. Mtumiaji wa heroini anaingia, anaeleza anachotumia na kiasi gani, anapewa kikombe chake, anatoka bila pingu. Mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi anayekunywa chai ya majani ya bangi anastahili usalama huo huo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kama taarifa nyeti. Waraka uitaje kwa jina, ili mlinzi wa getini na karani wa masijala wajue kwamba faili halisomwi na askari bila amri ya kisheria.

Sasa tufike kwenye kiini, ambacho kiko stoo zaidi ya kilivyo mtaani. Watu wengi hugeukia bangi pale dawa inapoisha. Chukueni mgonjwa wa saratani anayeanza mofini ya maji ya miligramu 5 kwa mililita 5. Anakunywa mililita 5 saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana na saa 12 jioni, kisha mililita 10 saa 4 usiku ili alale bila kuamshwa. Hiyo ni mililita 30 kwa siku. Ongeza dozi mbili za akiba za mililita 5 kila moja kwa maumivu yanayopenya katikati, inakuwa 40. Kwa siku 28 anahitaji mililita 1,120. Akipewa chupa ya mililita 500 na kuambiwa arudi baada ya mwezi, itaisha siku ya kumi na tatu. Huyo si mtu aliyeiba wala aliyezidisha. Ni hesabu. Nusu ya mwezi iliyobaki ataitafutia dawa popote atakapoipata, na atakapoonekana na bangi tutamlaumu kwa pengo tulilolitengeneza sisi.

Pengo hilo linazibika kwa hatua zinazojulikana. Hospitali za mikoa zichanganye mofini ya maji kutoka kwenye poda zenyewe badala ya kusubiri kugawiwa. Uganda imekuwa ikichanganya mofini ya maji kutoka kwenye poda tangu Hospice Africa Uganda, shirika la tiba shufaa, lilipoanzishwa mwaka 1993, na tangu 2004 sheria yao inaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuiandika. Makadirio ya mwaka yanayopelekwa kwenye bodi ya kimataifa ya kudhibiti dawa za kulevya yatokane na idadi ya wagonjwa. Yasitokane na matumizi ya mwaka uliopita, kwa sababu mwaka ambao dawa haikuwepo matumizi ni madogo, na makadirio madogo huzaa uhaba wa mwaka unaofuata. Kila chupa ya mofini itoke na bisakodili, dawa ya kufungua choo, miligramu 5 hadi 10 usiku. Tumbo likifunga wiki moja mgonjwa ataacha mofini mwenyewe. Mwenye figo mbovu aongezewe muda kati ya dozi. Kila anayemeza isoniazidi apate B6 miligramu 25 kwa siku. Amitriptilini na gabapentini zishuke hadi vituo vya afya, kwa sababu kwa maumivu ya mishipa yasiyo ya saratani hizo ndizo za mwanzo kabla ya kufikiria mofini, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo apatikane angalau siku moja kwa wiki.

Tunaomba Mganga Mkuu wa Serikali atoe waraka huo na kuagiza mstari mmoja uongezwe kwenye fomu ya maumivu na kwenye fomu ya kabla ya upasuaji. Kamishna Jenerali asaini pamoja naye, ili mgonjwa aone majina yote mawili kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Bohari ya Dawa ianze na mikoa ambayo wagonjwa wake sasa wanasafiri hadi Dar es Salaam kwa ajili ya chupa moja ya mofini. Orodha ya wagonjwa wanaosafiri hivyo ipo kwenye rejista za rufaa za kila hospitali ya mkoa, na inaweza kukusanywa kwa barua pepe ndani ya wiki moja.

Wenu katika huduma,
Watoa huduma wa tiba ya maumivu na tiba shufaa